UZI: Bustani ya burudani na familia, mimi nasema nendeni jioni

Mzee wa Foleni

Wakuu salaam.

Kila likizo ikikaribia linaibuka humu swali lilelile: naipeleka familia kwenye bustani ya burudani, tufike saa ngapi? Na jibu huwa lilelile: geti likifunguliwa liwakute mmeshapanga mstari. Leo napinga jibu hilo hadharani. Kama una watoto wa rika tofauti na mzee juu yake, fika jua likianza kushuka, toka wanapofunga. Uzi ni mrefu, mwenye haraka atangulie.

Kikosi changu ni hiki: mimi, mama watoto, kijana wa miaka 13 anayejiona mtu mzima, binti wa 8, kitinda mimba wa 4, na mama mkwe anayetembelea fimbo na hataki kushikwa mkono. Bustani tunayoipenda siitaji jina, maana ninayoyasema yanafaa popote penye rola kosta (vile vitreni vya kupanda na kuteremka kwa kasi), gurudumu kubwa na farasi wa kuzunguka.

Simama getini saa kumi na moja jioni uangalie wanaotoka. Utaona baba kabeba mtoto aliyelala, kiatu kimoja kimeshamvuka. Mama anasukuma kigari kilichojaa majaketi na midoli. Mkubwa wao anakokota miguu huku analia kwamba hakupanda kile alichokuja kupanda. Hao walifika asubuhi. Siwacheki, walitaka tiketi yao iwalipe. Lakini nyie mnaingia mmepumzika, mdogo kalala mchana, jua limepoa, na foleni zinaanza kukatika kwa sababu hao wote wanaondoka.

Halafu muda mfupi unaleta nidhamu. Mkiwa na siku nzima kila mtu anataka kila kitu na hakuna anayekubali kuachia. Mkiwa na saa nne au tano, kila mtu anataja kitu kimoja tu ambacho akikikosa safari kwake imeharibika. Kwetu kijana alitaja rola kosta kubwa. Binti, magari ya kugongana. Mdogo, farasi wa kuzunguka, tena yule mweusi mwenye hatamu nyekundu na si mwingine. Mama mkwe, gurudumu kubwa. Mama watoto, gwaride la taa. Mimi nikataja benchi.

Msilidharau benchi. Walt Disney mwenyewe alikuwa akisimulia kwamba wazo la Disneyland lilimjia akiwa amekaa kwenye benchi huko Griffith Park, Los Angeles, akiwatazama binti zake wakizunguka na farasi, yeye hana la kufanya. Akawaza kwamba pangefaa mahali ambapo wazazi na watoto wanafurahi pamoja. Bustani ikafunguliwa Anaheim tarehe 17 Julai 1955. Kipimo changu cha bustani nzuri ni hichohicho: sote sita tuna la kufanya pamoja, au baadhi yetu ni wabeba mikoba? Na hapo ndipo usiku unaushinda mchana kwa mbali. Mchana kila mchezo una ubao wa kupimia urefu wa mtoto mlangoni, familia inagawanyika vipande vipande. Taa, gwaride na fataki havina ubao. Mwenye fimbo na mwenye miaka minne wanasimama mstari mmoja na wanaona kilekile.

Wala mambo ya taa si ya juzi. Tivoli ya Copenhagen ilifunguliwa 1843, na tangu enzi hizo giza likiingia bustani iliwashwa taa za rangi, na usiku mwingine fataki zilirushwa zikaonekana tena kwenye maji ya ziwa lake, ambalo lilikuwa sehemu ya handaki la ngome ya mji. Kule Coney Island, New York, Luna Park ilifunguliwa tarehe 16 Mei 1903. Na hawakufungua asubuhi, wakuu! Walifungua saa mbili usiku, na taa za umeme 250,000 zikawaka. Fikiria mtu wa mwaka ule, nyumbani kwake hana hata balbu moja, anasimama pale na wanawe. Mwaka uliofuata jirani yao Dreamland akaja akijitapa na taa milioni moja. (Dreamland iliteketea 1911, moto ulianza usiku ndani ya mchezo mmoja wakati mafundi wakiutengeneza. Hiyo tuiache.) Disneyland nayo mwaka 1972 ikaanzisha gwaride la usiku la magari yaliyofunikwa taa kuanzia juu hadi chini, na tangu hapo bustani nyingi kubwa zimekuwa na lao. Kwa hiyo anayeondoka saa kumi na moja ameona mazoezi, mechi yenyewe hajaiona.

Sasa utaratibu wetu. Tunaanza na mdogo, jua likingali lipo, kwa sababu mbili. Baadhi ya bustani hufunga upande wa watoto wadogo mapema kuliko kwingine, ukichelewa unakuta mnyororo. Na mtoto aliyekwisha kupata chake anakuwa mpole kwa wengine. Farasi mweusi alikuwa na mtu, mzunguko wa kwanza tukauacha upite, mzunguko wa pili akampata, akamshika shingo kwa mikono miwili na hakutupungia hata mara moja. Alikuwa kazini.

Baada ya hapo magari ya kugongana, kisha gurudumu kubwa wakati ule mbingu bado ina rangi na taa za chini zimeanza kuwaka. Huo ni muda mfupi sana, angalieni saa ya machweo siku hiyo mpange nyuma yake. Gwaride likipita tunalitazama kutoka mwisho wa njia, si mwanzo; mwanzo watu wanakaa chini saa nzima kabla, mwisho unasimama dakika chache na magari ni yaleyale.

Rola kosta ya kijana tunaiweka mwisho kabisa. Gwaride na fataki zinavuta watu wote upande mmoja, foleni ya huku inanywea. Tena bustani nyingi zina kawaida kwamba aliyekwisha ingia kwenye foleni kabla ya muda wa kufunga anahudumiwa. Mkiingia mstarini dakika za mwisho, mnapanda huku wengine wanatafuta funguo za gari.

Leteni na yenu. Wapinzani nawakaribisha.

Kichwa Ngumu

Mkuu andiko zuri ila hesabu hazikai. Tiketi ya siku nzima, halafu unaingia saa kumi na moja jioni? Hiyo ni kununua shati ukavaa mkono mmoja. Na aliyesafiri kutoka mbali, ambaye hatarudi tena miaka na miaka, naye akae hotelini anasubiri jua lishuke?

Mzee wa Foleni

Kichwa Ngumu, nilikuwa nakusubiri.

Bustani nyingi zina tiketi ya jioni iliyopunguzwa, au ya msimu ambayo ukiingia na kutoka haikuumi. Hazitangazwi sana kwa sababu wangependa ununue ile kubwa, kwa hiyo fungua ukurasa wao wa tiketi usome mpaka chini. Na zipo zinazotenganisha kiingilio na michezo. Tivoli mpaka leo unalipia kuingia, halafu michezo ni kwa tiketi zake au pasi yake. Mama mkwe wangu pale asingelipia mashine asizopanda.

Kwa msafiri wa mbali nakupa pointi. Huyo aingie asubuhi, saa saba atoke akapumzike, arudi saa kumi na moja. Aulize kwanza kama kutoka na kurudi kunaruhusiwa, wengine wanakugonga mhuri mkononi, wengine wanataka tiketi ileile, na wengine ukitoka umetoka. Ila kukaa mle ndani mfululizo na mtoto wa miaka minne tangu asubuhi mpaka fataki, hapo sikubali hata tiketi ingekuwa bure.

fundi_grisi

Nimekuja mbio baada ya kuona rola kosta imetajwa. Kazi yangu ni mashine za kiwandani, za bustani sijawahi kuzigusa, lakini beringi ni beringi.

Mwambie kijana wako kwamba kuiweka mwisho amepata bahati mara mbili. Treni ile haina injini. Inavutwa mpaka kileleni, au inarushwa mwanzoni, baada ya hapo ni uzito wake na mteremko tu. Kwa hiyo kinachoamua kasi ni msuguano. Asubuhi grisi ndani ya beringi ni baridi na nzito, matairi nayo ni magumu. Ikizunguka mchana kutwa kila kitu kinapata moto, grisi inalainika, treni inateleza vizuri zaidi. Wapenzi wa rola kosta wanalijua hili, ndiyo maana wengi wanapenda zamu za usiku. Usiku wa baridi kali au wenye upepo wa mbele hesabu inabadilika, lakini jioni ya kawaida mashine ile ina kasi kuliko ilivyokuwa asubuhi.

La pili ni giza lenyewe. Macho yanapokosa vitu vya karibu vya kupimia, mwili hauwezi kujiandaa kwa kona inayokuja, kwa hiyo kila kona inakuwa kali. Chukua Space Mountain ya Florida, iliyofunguliwa 1975: haifiki hata kilomita 50 kwa saa, gari lako kwenye barabara kuu linaipita kwa mbali. Lakini imo ndani ya jengo la giza, na watu wanatoka wanaapa kwamba walikuwa wanapaa.

Na akitaka tumbo limpande kooni akae behewa la mwisho. Treni inashika kasi ya kuteremka pale sehemu kubwa ya uzito wake inapovuka kilele. Behewa la kwanza linakuwa limeshaanza kushuka taratibu, la mwisho linafika kileleni treni nzima ikiwa inakimbia, linanyofolewa pale juu. Behewa la mbele ni kwa ajili ya kuona. Usiku hamna sana cha kuona, aende nyuma.

Mama Kijacho

fundi_grisi umenitia hofu badala ya raha 😅 Mashine imekimbia kutwa nzima imepata moto, mimi nimpandishe mwanangu usiku? Breki zake je?

fundi_grisi

Mama, ondoa shaka. Breki nyingi za namna hii zimeundwa kinyume na unavyofikiri: springi ndizo zinazobana, hewa ya kompresa ndiyo inayoachia. Hewa ikikatika, umeme ukizimika, breki zinafunga zenyewe. Siku hizi kuna na za sumaku ambazo hazigusani na chochote wala hazihitaji umeme.

Halafu njia nzima imegawanywa vipande, na kompyuta hairuhusu treni kuingia kipande ambacho bado kina treni nyingine. Mgawanyo huo ulikuwepo kwenye Matterhorn, rola kosta ya Disneyland ya mwaka 1959, hiyohiyo ndiyo ya kwanza kutumia reli za bomba la chuma. Na treni hairuki nje ya reli kwa sababu ina magurudumu ya chini pia, yanayoshika reli kwa upande wa tumboni. Hayo yamekuwepo tangu mbunifu wa rola kosta John Miller alipopata hataza (haki ya uvumbuzi) yake mwaka 1919. Ukiona mashine imesimama katikati ya kilima na watu wanashuka kwa ngazi, watu wanapiga picha wanasema imeharibika. Mara nyingi ni kifaa cha kuhisi (sensa) kimeona kitu hakikukipenda kikasimamisha kazi, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kuna moja ya kizamani naipenda: Rutschebanen, ya mbao, ipo Tivoli tangu 1914. Ile breki ni mtu. Anakaa ndani ya treni anavuta mkono kwa kipimo chake.

Mama Pacha

Mzee wa Foleni mimi nina dukuduku na jioni yako. Pacha wangu niliwapima nyumbani asubuhi, mgongo ukutani, kisigino ukutani, penseli juu ya kichwa, rula. Wote wawili wanafika sentimita 120, mmoja kazidi kidogo, mwingine amefika pale pale. Tumefika kwenye mchezo saa moja usiku, mhudumu kawapima, mmoja kapita, mwenzake kazuiwa. Nikamwambia kaka, huyu nimempima leo leo. Kanijibu kwa upole tu, mama, kipimo ni hiki. Mtoto kalia mpaka kashikwa na kwikwi, na aliyepita naye kagoma kupanda bila mwenzake. Ubao wao umepinda au mimi ndiye sijui kupima?

Mzee wa Foleni

Mama Pacha pole, na hakuna aliyekosea hapo. Binadamu anapungua urefu kuanzia asubuhi hadi jioni. Katikati ya pingili za uti wa mgongo kuna visahani laini vyenye maji, ukisimama na kutembea vinabanwa na uzito wako, ukilala usiku vinajaa tena. Tofauti inaweza kufika kama sentimita moja, kwa mtu mzima hata zaidi kidogo. Pacha wako alikuwa 120 asubuhi kwelikweli, na saa moja usiku, baada ya kutwa ya kurukaruka, hakuwa 120 tena.

Hii ndiyo kasoro pekee ya jioni ninayoikubali bila ubishi. Mtoto aliye ukingoni mwa kipimo mpime nyumbani wakati wa kulala, ukipata hiyo hata saa sita usiku atapita. Au kama bustani inatoa bangili za urefu getini, mpimwe mara tu mnapoingia, bangili ndiyo inayoangaliwa kila mahali baadaye. Kubishana na mhudumu haisaidii, kipimo kile kimewekwa kwa sababu kizuizi kinachokaa mapajani kimetengenezwa kwa mwili wa kuanzia ukubwa fulani. Mtoto mfupi anaweza kuteleza chini yake.

Na kwa wengine wenye wadogo: ulizieni utaratibu wa wazazi kupokezana. Bustani nyingi kubwa wanao. Familia nzima inafika kwenye mchezo, mzazi mmoja anapanda na mkubwa, mwingine anabaki na mdogo. Wakishuka anaingia wa pili bila kupanga foleni upya. Uzuri wake, mara nyingi mkubwa anaruhusiwa kuandamana na wote wawili, kwa hiyo kijana wangu alipanda na mimi, akapanda tena na mama yake, akashuka anatusimulia nani kapiga kelele zaidi. Sitaji jibu.

Tuliza Boli

Uzi mtamu huu, naweka kambi. Swali langu ni fataki. Mwanangu wa miaka 5 sauti kubwa zinamvuruga kabisa, hata pikipiki ikipita anaziba masikio. Usiku wote wa bustani unaishia kwenye mlipuko. Tusiende?

Bint Upepo

Tuliza Boli nendeni, ila msikae chini yake. Wa kwangu yuko hivyohivyo.

Sauti inapungua haraka kadiri unavyokwenda mbali, kila ukizidisha umbali mara mbili inashuka kama desibeli sita mahali pa wazi. Mwanga haupungui namna hiyo machoni. Kwa hiyo mnarudi nyuma, mwisho wa bustani au hata nje kwenye maegesho ya magari, mnaona maua yote ya angani na mlio unawafikia umechoka. Vifuniko vya masikio vile vikubwa vya watoto mvalishe mapema, kabla ya mlio wa kwanza. Ukisubiri alie kwanza hatokubali kitu kichwani.

Kitu kilichotusaidia zaidi ni kumfundisha kuhesabu. Sauti inasafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mkiwa umbali wa kilomita moja, mwanga unatangulia na mlio unakuja baada ya sekunde tatu hivi. Anaona ua limefunguka, anasema moja, mbili, tatu, na anajua sasa ndiyo inakuja. Kinachomtisha wangu ni mlio wa ghafla. Mlio unaojulikana utafika saa ngapi anaucheka.

Na kaka yake mkubwa nilimpa kazi ya rangi: nyekundu ni strontiamu, kijani ni bariamu, njano ni sodiamu, bluu ni shaba. Akiona bluu iliyokolea ajue mtengenezaji ni hodari, kwa sababu ndiyo rangi ngumu kuipata; moto ukizidi kidogo tu inapauka.

Tuliza Boli

Hiyo ya kuhesabu naichukua leo leo. Ubarikiwe dada.

Mjukuu wa Bibi

Naomba kuuliza kuhusu mama mkwe kwenye gurudumu kubwa. Bibi yetu anatamani sana lakini mguu haumruhusu na ngazi zinamtisha. Ilikuwaje?

Mzee wa Foleni

Mjukuu, tulitanguliza kumwona mhudumu kabla ya kupanga foleni. Maswali yake yalikuwa mawili: anaweza kuvuka kutoka jukwaani hadi ndani ya kichumba peke yake, na ikitokea mashine imesimama, anaweza kusubiri mpaka washushwe? Hilo la pili ndilo watu husahau kulifikiria. Mchezo unaofikiwa kwa njia tambarare unaweza kuwa na njia ya dharura yenye ngazi tupu. Waulizeni wazi.

Magurudumu mengine hayasimami, yanazunguka polepole mnaingia yakitembea, lakini mhudumu akiombwa husimamisha au hupunguza mwendo. Mama mkwe alivuka, akaketi, fimbo akaiweka magotini kama bunduki. Tulipofika juu akaanza kutuonyesha: kule maegesho, kule treni ya watoto, yule pale ndiye alikuwa analia getini. Alitutajia kila kitu. Na ni mashine zenye heshima yake, ile ya kwanza kubwa ya George Ferris kule Chicago mwaka 1893 ilikuwa na urefu wa mita 80 hivi na vyumba 36, kila kimoja kinachukua watu 60. Ya Vienna ya mwaka 1897 inazunguka mpaka leo.

Kiti cha magurudumu kodini hata kama anasema hakihitaji. Semeni ni cha kubebea mizigo. Baada ya saa mbili atakaa mwenyewe bila kuambiwa.

Kichwa Ngumu

Mimi nimerudi. Binti yangu michezo ya kuzunguka inamtapisha, na nasikia usiku ni mbaya zaidi. Hapo utajibu nini Mzee?

Bint Upepo

Kichwa Ngumu hapo umesema kweli, nakujibia mimi. Kichefuchefu kinakuja pale sikio la ndani linapohisi mwendo ambao macho hayauoni sawasawa. Mchana unaweza kukazia macho kitu cha mbali kilichotulia. Usiku kitu hicho hakipo, kuna taa tu zinazokimbia. Kwa hiyo vya kuzunguka mvimalize jua lingalipo, tumbo lisiwe tupu wala lisijazwe. Usiku abaki na vinavyokwenda mbele. Na asisome simu kwenye foleni inayosogea.

Mama Kijacho

Na kupotea je? Mimi hofu yangu ya usiku ni hiyo tu. Fataki zikiisha watu wote wanageuka kuelekea geti moja.

Mzee wa Foleni

Mama Kijacho, hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote na ninaipangia kuliko rola kosta.

Kwanza hatuondoki na umati. Michezo ikifungwa maduka ya njia ya kutokea huwa yanabaki wazi kwa muda, na mabenchi yote yanakuwa yetu. Tunakaa, mdogo anavalishwa nguo za kulalia hapohapo, tunasubiri mawimbi mawili matatu ya watu yapite. Hapo ndipo benchi langu lilipopata wateja wote sita, na hakuna aliyenicheka tena.

Kabla ya kuingia kila mtoto anapigwa picha akiwa na nguo za siku hiyo, mwili mzima mpaka viatu. Ukiulizwa na walinzi alikuwa kavaa nini, kwa kiwewe kile hukumbuki. Namba ya simu inaandikwa kwa kalamu ya wino kwenye mkono, upande wa ndani, si kwenye karatasi mfukoni. Mdogo tunamfunga bangili ya kuwaka. Kwenye giza rangi ya nguo haionekani. Na maagizo ni mafupi: ukituona hatupo, simama ulipo, ita kwa sauti, mtafute mtu mwenye beji ya jina kifuani. Tunamwonyesha beji yenyewe mapema, kwa yule mhudumu wa farasi, ili ajue inafananaje. Mtoto wa miaka minne ukimwambia "mfanyakazi" anaweza kufikiria ni hata yule mtu aliyevaa kichwa cha dubu.

Mjukuu wa Bibi

Na huyo wa 13 mnamwachia azunguke peke yake?

Mzee wa Foleni

Kwa saa moja moja, simu ikiwa na chaji, na kwa sharti la mahali pa kukutana ambapo amepatamka yeye mwenyewe kwa kinywa chake. Pawe mahali penye kitu kisichoondoka. Nasisitiza hilo kwa sababu mpwa wangu aliwahi kuwaelekeza wenzake wote wakutane "pale kwenye kobe mkubwa mwenye taa", na kobe mwenyewe alikuwa gari la gwaride.

fundi_grisi

😂😂 Wakamfuata?

Mzee wa Foleni

Mpaka karakana. Walinzi ndio waliowarudisha.